Kabla ya Kuuliza Barabara, Uliza Maji

Magharibi mwa jimbo la New Mexico, kando ya barabara isiyo na magari mengi, kuna jabali la mawe ya mchanga linaloitwa El Morro. Chini yake pana dimbwi. Halina chemchemi, ni maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka, yanayoteremka kutoka juu ya mwamba na kutuama mahali penye kivuli. Ukilitazama bila kujua habari zake utajiuliza watu wanakuja kuona nini. Kisha unainua macho ukutani. Mwamba umejaa maandishi na michoro, zaidi ya elfu mbili kwa jumla: kondoo wa milimani waliochongwa na wenyeji kabla ya Mzungu yeyote kufika, jina la gavana wa Kihispania Juan de Oñate lenye tarehe ya Aprili 1605, halafu majina ya wanajeshi, wapima ardhi na wahamiaji wa Kimarekani wa karne ya 19. Mwaka 1857 walipita hapo hata ngamia, ambao Jeshi la Marekani lilikuwa likiwajaribu kama wanyama wa mizigo. Watu hao hawakuwa na lugha moja, dini moja wala nia moja, na baadhi yao walikuja kuwatawala wenzao. Kilichowasimamisha wote pale pale ni kiu.

Mtu anayetaka kutembelea majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, yaani Arizona na New Mexico pamoja na sehemu za Utah, Colorado, Nevada na California zinazopakana nayo, kwa kawaida hupanga safari kwa majina makubwa. Grand Canyon, Monument Valley, Antelope Canyon, labda na Las Vegas kwa kuwa ipo njiani. Anafungua ramani kwenye simu, anaunganisha majina kwa mistari, anajumlisha saa za kuendesha gari, na safari imeiva. Ushauri wangu ni kuanzia kwingine. Panga safari kwa kufuata maji: yako wapi, yanakuja majira gani, na mwenye nayo ni nani. Kwanza utarudi nyumbani salama, na hilo peke yake lingetosha. Pili utaelewa unachokitazama, kwa sababu katika nchi ile mandhari yamechongwa na maji, na historia imeandikwa na upungufu wake. Nawalenga hasa wasomaji wa Kiswahili waliohamia Phoenix, Tucson, Albuquerque, Denver au Salt Lake City, wengi wao kutoka Kongo, pamoja na ndugu zao wanaokuja kuwatembelea. Watu hao wanaishi saa chache tu kutoka maeneo haya, na mara nyingi hawajawahi kuambiwa kwamba nao wanakaribishwa.

Kwa familia ya Phoenix, pa kuanzia ni Montezuma Well, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kuelekea kaskazini. Jina ni la kupotosha: Montezuma, mfalme wa Waazteki, hakukanyaga huko, na kisima chenyewe ni shimo kubwa la chokaa lililojaa maji kama bakuli katikati ya vilima vikavu. Maji yanabubujika kutoka chini siku zote, takriban lita milioni 5.7 kwa siku, na ni maji ya mvua na theluji zilizoanguka milimani maelfu ya miaka iliyopita. Teremka kwa ile njia ya ngazi za mawe, kisha uzunguke upande wa nje ambako maji yanatokea chini ya mwamba na kuingia mtoni. Hapo utaona mfereji mwembamba, unaoweza kuuruka kwa hatua moja. Kuta zake zimekuwa ngumu kama saruji kwa sababu chokaa iliyomo majini iliganda pembeni karne baada ya karne. Wakulima walioishi bonde hilo zaidi ya miaka 600 iliyopita waliuchimba ili kumwagilia mahindi, maharage na maboga, na nyumba zao ndogo bado zinaonekana zimebanwa kwenye nyufa za ukuta juu ya maji. Ukishauona mfereji huo, hata Phoenix yenyewe itabadilika machoni pako. Mji huo umekaa juu ya mtandao wa mifereji ya kale wenye urefu wa mamia ya kilomita, uliochimbwa na watu ambao wataalamu huwaita Wahohokam, na baadhi ya mifereji inayopeleka maji mjini leo inafuata mkondo wa ile ya zamani. Jumba la makumbusho la S'edav Va'aki, mjini humo humo, linakuonyesha mabaki yake.

Ukiwa na siku zaidi, nenda Mesa Verde, kusini-magharibi mwa Colorado. Hapa kuna nyumba zipatazo 600 zilizojengwa ndani ya mapango mapana ya majabali, na kubwa kuliko zote, Cliff Palace, ina vyumba vipatavyo 150. Wageni wengi huuliza mbona watu walijenga mahali pa hatari vile, na jibu la haraka huwa ni ulinzi. Ulinzi ulikuwepo, lakini angalia sehemu ya nyuma ya pango, mahali paa la mwamba linapokutana na sakafu. Jiwe la juu ni la mchanga, lina vitundu, na mvua hupenya ndani yake taratibu. Chini yake kuna tabaka la udongo uliogeuka mwamba, lisilopitisha maji. Maji yakifika hapo hukosa pa kuteremkia, hugeukia ubavuni, na kutokeza kwenye mshono wa matabaka hayo mawili. Unyevu huo huo, ukiganda na kuyeyuka kila kipupwe, ndio uliobomoa jiwe vipande vipande mpaka pango likatokea. Kwa maneno mengine, kilichowajengea paa ndicho kilichowapa maji ya kunywa. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya picha huupiga picha mnara na madirisha, akaondoka bila kuutazama mstari ule wa unyevu ulioleta kila kitu.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake ni zito: ukieleza kila kitu kwa maji unaifanya historia kuwa nyepesi kupita kiasi. Watu wa Mesa Verde waliondoka wote kufikia mwaka 1300, na vitabu vya zamani vilipenda kusema ukame uliwafukuza, basi. Ushahidi wa ukame wenyewe ni imara. Mwanaastronomia A. E. Douglass alitumia miaka mingi kulinganisha pete za miti, kwa kuwa pete nyembamba ni alama ya mwaka mkavu, na mwaka 1929 kipande cha boriti iliyoungua, kilichopatikana Show Low huko Arizona, kikamwezesha kuunganisha kalenda ya miti ya kale na ile ya miti iliyo hai. Tangu hapo magofu ya eneo lile yanaweza kupewa tarehe kwa mwaka hasa, na pete hizo hizo zinaonyesha ukame mkali wa kati ya 1276 na 1299. Hata hivyo watu wale wale walikuwa wamevumilia ukame mwingine katikati ya karne ya 12 bila kuihama nchi yao. Wataalamu wengi leo wanaongeza mapigano, ardhi iliyochoka, kuni zilizokwisha, na mvuto wa jamii mpya zilizokuwa zikikua kusini. Nakubali yote hayo. Lakini tazama walikokwenda: bonde la mto Rio Grande, vilima vya Wahopi, nchi ya Wazuni na mji wa Acoma. Sababu za kuondoka zaweza kuwa kumi. Njia ya kuondoka iliishia palipo na maji. Na wajukuu zao wapo mpaka leo, kwa hiyo yule mwongozaji anayesimulia kwamba watu hao walitoweka kimiujiza anasimulia hadithi ambayo wenyewe hawaitambui.

Grand Canyon ndiyo itakayowavuta wengi, na ni haki yake: korongo lenye urefu wa kilomita 446, lenye kina kinachozidi kilomita moja na nusu, lililokatwa na mto ambao ukiwa juu unauona kama uzi. Hapa maji yanakuhusu wewe mwenyewe kuliko kokote. Hoteli na mabomba yote ya upande wa kusini, unaopokea umati wa watalii, yanategemea chemchemi iliyo upande wa pili wa korongo, Roaring Springs, na bomba la takriban kilomita 20 linaloteremka mpaka chini na kupanda tena. Bomba hilo ni la miaka ya 1960 na limepasuka mara nyingi. Mwishoni mwa Agosti 2024 lilipasuka sehemu kadhaa, na wageni wa kulala wakazuiwa katikati ya msimu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani fungua tovuti ya hifadhi usome hali ya maji, maana hata vituo vya maji vilivyo kwenye njia za miguu hufungwa, vingine kwa sababu ya bomba, vingine kwa sababu ya barafu. Anayebeba chupa moja kwa kuwa ramani imemwonyesha bomba mbele yake amekabidhi maisha yake kwa chuma chakavu.

Na kuna mtego wa umbo la nchi yenyewe. Mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro anajua kwamba mlima unakupima mwanzoni: unapanda ukiwa na nguvu, ukichoka unageuka, na kurudi ni mteremko. Korongo ni mlima uliopinduliwa. Unateremka ukiwa na nguvu, asubuhi, kwenye ubaridi wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila hatua inakuambia kwamba kazi ni rahisi. Unageuka kupanda umeshachoka, jua liko utosini, na joto kule chini mtoni mwezi Julai kwa kawaida hupita nyuzi 40 kivulini. Hifadhi inaonya watu wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kurudi siku hiyo hiyo, na wasitembee kwenye njia za ndani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wakati wa kiangazi. Fuata onyo hilo bila kujadiliana nalo. Hesabu kwamba kupanda kutachukua mara mbili ya muda wa kushuka, na geuka mapema, wakati bado unajisikia vizuri. Tena maji peke yake hayatoshi. Anayekunywa lita juu ya lita bila kula chochote chenye chumvi huipunguza chumvi ya damu mpaka anaanza kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na wenzake, wakidhani ni kiu, wanamnywesha zaidi. Beba karanga za chumvi, bisi, samaki mkavu ukipenda, na ule kidogo kidogo njia nzima.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya kuwatisha watu. Marekani maji yanauzwa kila kona, gari lina kiyoyozi, na simu ipo mfukoni. Kwa barabara kuu ni kweli. Ukitoka kwenye barabara kuu, simu haina mtandao kwa saa nzima, na gari likizimika kiyoyozi nacho kimezimika. Chaco, ule mji wa kale wa New Mexico wenye jengo la vyumba zaidi ya 600, unafikiwa kwa barabara ya vumbi ambayo mvua moja huigeuza tope. Ndani ya hifadhi hakuna duka wala mafuta ya gari, na maji ya kunywa utayapata ofisini kwa wageni tu. Isitoshe, joto la nchi ile haliui porini peke yake. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 au zaidi, na kaunti ya Maricopa ilithibitisha vifo 645 vilivyotokana na joto mwaka huo. Wengi wa waliokufa hawakuwa watalii. Walikuwa wakaazi, na sehemu kubwa yao watu wasio na makazi. Lakini kama joto linaua mjini penye maduka, basi dumu la maji katika buti la gari ni la lazima kama tairi la akiba. Kipimo kinachopendekezwa ni galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita nne, na mimi ningeongeza nusu yake kwa ajili ya rejeta na mkwamo. Zoea pia vipimo vyao: redio ikisema digrii 100 ni nyuzi 38 zetu, na 110 ni nyuzi 43.

Maji yakikosekana yanaua, na yakija yanaua vilevile. Hili ndilo gumu kumwingia mtu akilini akiwa amesimama kwenye mchanga mkavu. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, karibu na mji wa Page, Arizona. Mahali waliposimama mvua ilikuwa ndogo mno. Dhoruba ilinyesha mbali juu ya bonde, kisha maji yakaja kama ukuta kupitia ufa ambao sehemu nyingine ni mwembamba kiasi cha kugusa kuta zote mbili kwa mikono. Kuta zile laini zenye mawimbi ya rangi ya chungwa, ambazo kila mtu anazipiga picha, zimesuguliwa na mafuriko ya namna hiyo hiyo. Korongo jembamba lolote utakaloliingia, inua macho kwanza. Ukiona gogo limekwama juu kati ya kuta mbili, mita kadhaa juu ya kichwa chako, usijiulize nani alilipandisha. Pale ndipo maji yalipofika. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwongozaji au askari wa hifadhi ni hali ya hewa ya huko juu yanakotoka maji, kwa sababu anga unaloliona wewe halikuambii kitu. Na akisema leo hakuingiliki, usitafute mwingine wa kukukubalia.

Kwa sababu hizo hizo majira ni muhimu kuliko bei ya tiketi. Mvua za dhoruba za eneo hilo huja kuanzia Julai mpaka Septemba, nyingi zikinyesha alasiri, na radi zake zinapiga kingo za makorongo. Juni ni mkavu na mkali. Watu wenye watoto wa shule wamefungwa na likizo ya kiangazi, naelewa. Basi wapande juu badala ya kuteremka chini. Kila mita elfu moja unazopanda zinapunguza joto kwa nyuzi sita au zaidi, na mwezi Julai, Phoenix inapowaka, Mesa Verde na Taos ya New Mexico zinavumilika kwa kofia na kivuli. Asiyefungwa na likizo achague Oktoba au Aprili. Kipupwe nacho kina raha yake kwa upande wa Tucson na Phoenix, lakini asishangae kukuta theluji Grand Canyon. Jangwa la juu lina baridi ya kweli.

Pingamizi ninalolitarajia zaidi ni la muda. Nina wiki moja, atasema mtu, pengine sitarudi tena, mbona nisione kila kitu? Kwa sababu umbali wa kule ni wa aina yake. Kingo za kusini na kaskazini za Grand Canyon zinatazamana, wastani wa kilomita 16 hewani, lakini kwa gari ni zaidi ya kilomita 340. Kutoka Las Vegas mpaka ukingo wa kusini ni karibu kilomita 450. Anayetaka majina yote katika siku saba atayaona kupitia kioo cha gari, tena saa za mchana wa jua kali, kwa kuwa asubuhi na jioni atakuwa njiani. Chagua bonde moja ukae. Mwenye kuanzia Albuquerque anaweza kupata Acoma, El Morro, Chaco na Taos kwa siku sita bila kukimbia, na akawa ameona miaka elfu moja ya watu na maji yao. Mwenye kuanzia Phoenix aanze na Montezuma Well, kisha Flagstaff, kisha siku mbili kamili Grand Canyon, asubuhi moja ya kutembea na jioni moja ya kukaa tu. Monument Valley ibaki kwa safari nyingine. Haitahama.

Kuhusu gharama, hesabu ipo wazi. Mkaazi wa Marekani hulipa dola 80 kwa kadi ya mwaka inayoingiza gari zima katika hifadhi zote za taifa. Tangu Januari 2026 kadi hiyo kwa asiye mkaazi ni dola 250, na katika hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwemo Grand Canyon na Zion, asiye na kadi anaongezewa dola 100 kwa kichwa. Mesa Verde haimo katika orodha hiyo, na El Morro haina kiingilio. Hapo tena wanaofuata maji wanawazidi ujanja wanaofuata majina. Mbali na fedha, usiache vitambulisho nyumbani. Kusini mwa Arizona na New Mexico kuna vituo vya ukaguzi wa uhamiaji barabarani, mbali kidogo na mpaka wa Mexico, na asiye raia anatakiwa na sheria kutembea na hati zake.

Sasa habari ya mwenye maji. Sehemu kubwa ya maeneo yanayotangazwa kama vivutio iko kwenye ardhi ya mataifa ya wenyeji, na kadi ya hifadhi za taifa haifanyi kazi huko. Monument Valley ni hifadhi ya Wanavajo, tangu 1958. Antelope Canyon haiingiliki bila mwongozaji aliyeidhinishwa nao. Canyon de Chelly ni eneo la kumbukumbu la taifa, lakini ardhi ni ya Wanavajo na familia zinalima ndani ya korongo hadi leo, hivyo kushuka chini ni mpaka uongozwe na mwenyeji. Hata saa ni yao: majira ya joto Wanavajo husogeza saa mbele, Arizona iliyobaki haisogezi, na Wahopi waliozungukwa na Wanavajo pande zote hawasogezi pia. Katikati ya mkanganyiko huo waongozaji wa Antelope Canyon hufuata saa ya Arizona, na Monument Valley hufuata ya Wanavajo. Uliza wakati wa kukata tiketi, usiiamini simu. Pombe imepigwa marufuku katika ardhi ya Wanavajo. Vijiji vya Wahopi havitaki picha, kurekodi wala kuchora. Acoma, mji ulio juu ya kilima cha mwamba chenye kuta wima, hupandi bila msafara wao. Na unapoyaona matangi ya maji nyuma ya magari madogo ya mizigo, ujue nyumba nyingi za Wanavajo hazina bomba, na kwamba mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano kwa nne, iliamua kwamba mkataba waliofunga na serikali mwaka 1868 hauilazimishi kuchukua hatua za kuwapatia maji. Hoteli zilizo nje ya mpaka wao zina mabwawa ya kuogelea.

Yupo atakayeniuliza yote haya yanamhusu nini Mwafrika, aliye na magofu na makorongo yake nyumbani. Nina jibu moja la historia. Mwaka 1539, miaka 66 kabla Oñate hajachonga jina lake pale El Morro, mtu wa kwanza kutoka ng'ambo ya bahari anayejulikana kwa jina kufika nchi ya Wazuni alikuwa Mwafrika: Esteban, mzaliwa wa Azemmour, Moroko, mtumwa wa Wahispania, aliyetangulia mbele ya msafara wa padri wao. Aliuawa huko Hawikku, na sababu zinabishaniwa mpaka leo. Magofu ya Hawikku yamo katika ardhi ya Wazuni na yanatembelewa kwa idhini yao. Anayepita El Morro akaishia kwenye maandishi ya magavana, wakati kijiji cha Wazuni kiko chini ya saa moja mbele, ameikosa sura inayomhusu kuliko nyingine zote.

Ningekushauri umalizie safari Taos, kaskazini mwa New Mexico, hasa kama umechoka na magofu, kwa kuwa Taos si gofu. Ni majengo ya udongo ya ghorofa kadhaa, yamekaliwa karne baada ya karne, na UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1992. Katikati ya kijiji unapita mto mdogo unaotoka Blue Lake, ziwa la milimani ambalo kwa watu wa Taos ni mahali patakatifu. Serikali ya Marekani ililichukua ziwa hilo pamoja na misitu yake mwaka 1906, na wazee wa Taos wakadai kwa miaka 64, wakikataa kulipwa fedha badala ya ardhi, mpaka Desemba 1970 Rais Nixon aliposaini sheria ya kuwarudishia karibu hekta 19,400. Mgeni haruhusiwi kwenda ziwani. Kijiji chenyewe hufungwa kwa wiki kadhaa karibu na mwisho wa kipupwe, na siku nyingine kwa ajili ya msiba au ibada, kwa hiyo piga simu kwanza. Ukifika lipa kiingilio, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, usiingie nyumba isiyo na kibao cha duka, na usikanyage makaburini. Watoto watautaka ule mto, maana ni safi na kumekuwa na joto. Wazuie. Ndiyo maji ya kunywa ya kijiji kizima.